Ndoo ya Maji Kando ya Mkeka

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wanakikundi wa kubangua korosho, wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa kikundi, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliosimama kule kivulini. Wakubwa shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Katibu wenu aliponipigia simu alisema, "Dada, njoo utuambie dawa ya muwasho wa korosho." Nimekuja. Dawa nitazitaja, sitawaficha hata moja ninayoijua. Ila nitaanzia nyuma kidogo, maana dawa inayoshinda zote haiuzwi dukani, na inatakiwa itumike wakati ambao bado hakuna anayewashwa. Ni maji na sabuni. Tena viwe hapa hapa, kando ya mkeka mnaokalia mkibangua, si nyumbani.

Najua nikitaja maji hapa juu nimegusa kidonda. Mimi pia nimekulia kwenye uwanda huu wa Makonde. Nimeshuka bondeni na ndoo kabla ya alfajiri, nikapanda nayo kichwani jua limeshachomoza. Kwa hiyo siwaambii muoge mara tatu kwa siku. Naomba lita mbili kwa kila mtu, na kipande cha sabuni ya mche.

Sasa angalieni hapa. Hii ni korosho ghafi, nimeiokota pale kwenye gunia la katibu. Naipasua kwa kisu, hivi. Waliokaa mbele wanaona: ganda lina tabaka la nje na tabaka la ndani, na katikati kuna matundu matundu kama sega la nyuki. Ndani ya matundu hayo kuna mafuta. Naliminya ganda juu ya karatasi nyeupe. Mmeona? Tone moja tu, rangi ya asali iliyoungua, na tayari doa limeanza kutambaa. Pitisheni karatasi, lakini kila mtu aishike pembeni. Tone hilo ndilo linalowafanya msilale usiku.

Mafuta hayo yana vitu viwili vikali, asidi anakadiki na kadoli. Ubaya wake ni wa namna mbili, na ninaomba mzitenganishe, kwa sababu watu wengi wanazichanganya. Namna ya kwanza ni kuunguza. Mafuta yakigusa ngozi yanaibabua papo kwa papo, kama maji ya betri. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilipasua korosho mbichi kwa meno, baada ya bibi kunikataza mara kadhaa. Midomo ilibabuka, nikala uji wa vuguvugu kwa siku nne. Vidole vyeusi vyenye ngozi inayobanduka, ambavyo nimeviona leo nilipokuwa nikiwasalimia, ni kazi ya namna hiyo.

Namna ya pili ni mzio, na hii ndiyo inayodanganya. Mwili ukishayajua mafuta hayo kama adui, kila yakirudi unayapigania, na vita inapiganwa kwenye ngozi yako. Lakini vita hiyo haianzi siku hiyo hiyo. Mara nyingi vipele hutokea kati ya saa kumi na mbili na siku mbili au tatu baada ya kugusa. Kwa mtu ambaye mwili wake ndio kwanza unajifunza, inaweza kuchukua hata wiki mbili tatu. Unabangua Jumatatu, mikono inavimba Jumatano. Jumatano ulikuwa umekula dagaa, au umefulia sabuni mpya, au umegombana na jirani. Basi analaumiwa dagaa, au jirani. Katika miaka yangu ya kazi nimewasikiliza akina mama wengi wakinieleza ni nani aliyewatupia vipele vile, na kila nilipouliza, "Siku mbili kabla ulikuwa wapi?" jibu lilikuwa kwenye korosho.

Mkorosho si mti wa asili hapa. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani yetu katika karne ya 16. Ukoo wake ni mkubwa, na mwembe ni ndugu yake wa damu. Ndiyo maana mtu mwenye mzio wa korosho anaweza kuvimba midomo akimenya embe kwa meno, ingawa nyama ya embe yenyewe anaila bila shida. Utomvu wa kwenye kikonyo na ganda ndio wenye ule ukali. Mama mwenye mtoto anayetoka vipele kuzunguka mdomo kila msimu wa maembe, asimnyime embe. Amuoshee, ammenyee, amkatie vipande, na ampanguse mdomo kwa maji. Na wale wenye watoto wao Marekani, waulizeni habari za mmea unaotambaa wenye majani matatu matatu, unaoitwa poison ivy. Huo nao ni wa ukoo huu huu. Watu wa kule wakirudi kutoka porini wanakimbilia maji na sabuni, kama ninavyowaomba ninyi.

Kwa nini wanakimbia? Kwa sababu mafuta yakitua juu ya ngozi yanaanza kuzama. Dakika kumi za mwanzo ndizo za thamani kubwa. Ukinawa ndani ya dakika hizo unayatoa mengi. Ukingoja hadi umalize debe zima, urudi nyumbani, upike, ndipo unawe, utakuwa unasafisha uchafu wa juu tu, mafuta yenyewe yameshaingia. Hata hivyo nawa tu, kwani yaliyobaki chini ya kucha yatakufikia shingoni na machoni.

Na kunawa kwenyewe kuna namna yake. Msitumie karai moja la maji mkachovya mikono kumi. Mafuta yanaelea, na wa mwisho anachota ya wenzake wote. Maji yatiririke. Mnakijua kibuyu chirizi, kile kidumu cha lita tano kinachoning'inizwa kwenye mti, chenye kamba unayoikanyaga kwa mguu. Wengi mmekitengeneza nyumbani karibu na choo. Kifungeni na hapa. Paka sabuni, pitisha kati ya vidole, chini ya kucha, kwenye viganja hadi kwenye viwiko, suuza, kisha rudia mara moja. Maji yawe baridi. Usisugue kwa gunzi wala kwa jiwe, ngozi iliyochunwa inafungua mlango.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Mafuta haya hayafi yakikaa kwenye mpini wa kisu, kwenye nyundo, kwenye kanga. Unaweza kunawa vizuri, kisha ukashika simu uliyoishika kwa mikono michafu asubuhi, na kazi yote ikapotea. Ninasema hili kwa uchungu kwa ajili ya watoto. Mama anabangua, anajifuta kwenye kanga, halafu kanga hiyo hiyo anambebea mtoto mgongoni. Baada ya siku mbili mtoto ana malengelenge kwenye paja na shavu. Wekeni kanga ya kazi na kanga ya mtoto. Hata kama ni mbili tu ulizonazo, moja iwe ya korosho.

Glavu ni nzuri kama zipo na hazijatoboka. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu, maana inayafungia mafuta humo ndani pamoja na jasho. Kama hakuna glavu, pakeni mafuta ya kula au ya nyonyo mikononi kabla ya kuanza, na wengine huongeza majivu ili vidole visiteleze. Hiyo ni kinga tu, wala haiondoi haja ya kunawa.

Haya, tuseme umeshachelewa. Mkono umevimba, una vipele vyekundu vilivyojipanga, malengelenge yanatoa maji, na usiku unawashwa hadi unalia. Nyumbani ufanye nini?

Chukua kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa. Kiloweke kwenye maji ya mtungini, yale yanayokaa baridi bila barafu. Kikamue kisidondoke, kisha ukilaze juu ya vipele kwa robo saa hadi nusu saa. Kikipata joto kiloweke tena. Fanya hivyo mara nne au tano kwa siku, na hasa kabla ya kulala. Inaonekana ni jambo dogo mno, na nimeona wagonjwa wakininunia kwa kuwa hawakupewa sindano. Lakini baridi inautuliza muwasho, na kitambaa kile kinapokauka taratibu kinayakausha malengelenge. Katika siku tatu za mwanzo sijui kitu cha nyumbani kinachokishinda. Maji hayo hayahitaji kuwa mengi. Kikombe kimoja kinatosha mkono mzima.

Dukani kuna losheni ya kalamaini, ile ya rangi ya waridi inayokauka kama chokaa. Inapoza, haina ukali, na hata mtoto anaweza kupakwa, isipokuwa machoni na mdomoni. Kuna pia krimu ya haidrokotisoni asilimia 1. Hiyo inasaidia vipele visivyo vikali sana ikipakwa mapema, kwa tabaka jembamba, mara moja au mbili kwa siku, isizidi wiki moja bila kumwona mtaalamu. Usiipake kwenye kidonda kilicho wazi. Na usiichanganye na zile krimu za tyubu zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha uso. Nyingi zina dawa ya jamii hiyo hiyo lakini kali mara nyingi zaidi, zinaila ngozi hadi inakuwa kama karatasi.

Vidonge vya klorofeniramini, ambavyo wengi mnaviita piritoni, vitakusaidia kupata usingizi. Muwasho wenyewe wa korosho havipunguzi sana, kwa kuwa mzio huu una njia tofauti na ule wa mafua au wa kuumwa na nyuki. Ukimeza usiku ukalala bila kujikuna, hiyo tayari ni faida. Usimeze kisha ukapanda bodaboda. Mtoto mdogo asipewe bila kuulizia kipimo.

Aloe vera? Ute mweupe wa ndani ya jani huwapoza baadhi ya watu. Yale maji ya njano yanayotoka kwenye ganda la jani yaachwe, yenyewe huwasha.

Kateni kucha. Anayejikuna usingizini avae soksi mikononi. Lengelenge usilitumbue, ngozi ile ya juu ndiyo bandeji yake. Na hapa niseme jambo ambalo limevunja amani katika nyumba nyingi: maji ya lengelenge hayaambukizi. Hayana mafuta ya korosho ndani yake, yametoka mwilini mwako. Mume asikatae kula chakula ulichopika, wala watoto wasihamishwe kitanda. Vipele vikitokea leo kwenye kidole na kesho kwenye mkono, si kwamba vimesambaa. Ni kwamba ngozi ya mkono ilipata mafuta kidogo, ikachelewa kuitikia. Au umeshika tena ile nyundo chafu. Kwa kawaida huchukua wiki mbili, pengine tatu, vyote viishe.

Sasa vile visivyofaa, na hapa nitakuwa mkali. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpokea mama mmoja aliyepakwa mafuta ya taa mikono yote miwili, akafungwa vitambaa juu yake usiku kucha. Alikuja na muwasho wa korosho uliotaka siku kumi upone. Tulimhudumia kwa wiki sita, kwa sababu yalikuwa majeraha ya kuungua. Nakumbuka nilivyofungua kile kitambaa, na ngozi ikaja nacho. Waliompaka walikuwa ndugu zake, kwa upendo kabisa. Kwa hiyo nawaomba: si mafuta ya taa, si petroli, si maji ya betri, si dawa ya kutolea madoa kwenye nguo, si dawa ya meno, si magadi, si kinyesi cha ng'ombe. Wala msifungue kapsuli mkanyunyizia unga wake kwenye malengelenge. Unga ule hautibu mzio, na baadhi ya watu unawaongezea mzio mwingine juu ya ule wa kwanza. Maji ya moto nayo yanadanganya: ukimwagia unasikia raha kwa dakika chache, halafu muwasho unarudi na wenzake.

Maganda ya korosho mnayatumia kama kuni, nalielewa hilo, yanawaka vizuri. Moshi wake unabeba ule ukali hadi machoni na kifuani. Msiyawashe ndani ya jiko lililofungwa, na mnapochoma korosho kaeni upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali.

Kabla sijakaa, niseme juu ya upupu, kwa kuwa tukipalilia mashamba ya mikorosho wakati wa kiangazi huo nao tunakutana nao, na tiba yake si sawa na ya korosho. Upupu hauna mafuta. Ganda lake limevaa vinyweleo vya rangi ya dhahabu vinavyopeperuka hata kwa upepo mdogo, na kila kinyweleo kina kimeng'enya kinachochoma mishipa ya fahamu ya ngozi. Hapo muwasho unaanza papo hapo, hausubiri Jumatano. Piritoni haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuving'oa vinyweleo.

Kosa tunalofanya wote ni kujisugua. Ukijisugua unavizamisha na kuvihamisha. Simama. Toka kwenye upepo. Vua nguo taratibu, zikunje upande wa nje uwe ndani. Kisha chukua selotepu, bandika juu ya ngozi, bandua, tupa, bandika kipande kingine. Nimeleta kipande, niruhusuni niwaonyeshe kwenye mkono wangu kwa unga huu wa mhogo: mnaona alama nyeupe ilivyohamia yote kwenye selotepu? Upupu unahama hivyo hivyo. Aliye shambani bila selotepu atumie donge la ugali uliopoa, alibonyeze na kuliinua, asiliviringishe kwa kulisugua, kisha alitupe mbali na kuku na watoto. Baada ya hapo ndipo maji yanayotiririka na sabuni, halafu kitambaa baridi. Na ninyi vijana, mnaojua nani aliweka upupu kwenye madawati ya shule, kamwambieni kwamba kinyweleo kile kikiingia jichoni kinaweza kumpeleka mtoto hospitali.

Jicho ndilo linalonifanya niutaje mnyaa pia, ule wa uzio. Maziwa yake yanababua ngozi, lakini jichoni ni hatari kubwa: maumivu ya moto, jicho linafunga, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa, au jicho likabaki na kovu lisipotibiwa. Nimewaomba lita mbili leo. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni msihesabu lita. Mlazeni mgonjwa, kope zifunguliwe kwa vidole safi, maji yamwagwe polepole kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika ishirini, hata kama ni ndoo ya mwisho ya nyumba, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msimtie maziwa ya mama jichoni.

Magimbi yanayowasha mikono wakati wa kumenya hayahitaji hotuba. Pakeni mafuta mikononi kabla, menyeni yakiwa makavu, yapikeni hadi yaive kabisa.

Kwenda zahanati ni lini? Uso ukivimba hadi macho yanafumba. Sehemu za siri zikipata. Vipele vikienea sehemu kubwa ya mwili. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaopanda mkononi. Ukiwa umevuta moshi na kifua kinabana, hapo usingoje asubuhi. Na kama wiki tatu zimepita bila nafuu. Kuna vidonge vya predinisoloni vinavyotolewa kwa hali kali, na ukipewa umalize siku zote ulizoandikiwa, hata kama siku ya tatu umeshapata nafuu. Wanaoacha katikati mara nyingi wanarudi na vipele vile vile, vikiwa na hasira.

Katibu ameshaning'iniza vibuyu chirizi viwili kwenye mti ule, na sabuni ya mche imefungwa kamba isije ikaondoka. Nimebaki na saa moja na pakiti ya vitambaa safi. Naomba nianze na wewe mama, uliyekaa karibu na gunia, uliyefunga mkono wa kulia tangu nilipofika. Njoo mbele. Fungua kitambaa taratibu, na uniambie Jumatatu ulikuwa wapi.